KUIFUFUA NDEGE YA KALE: Somo la Mbao, Gundi, Kitambaa na Chuma

Katika mji wa Bikaner, kwenye jangwa la Thar huko India, yamo mabanda ya kasri ambamo zamani walifungwa tembo wa Maharaja. Karibu na mwisho wa karne ya 20, ndani ya mabanda hayo yalikutwa mabaki ya ndege za Vita Vikuu vya Kwanza. Kitambaa cha mabawa kilikuwa kimekwisha kuoza, vyuma vilikuwa na kutu, na sehemu kubwa ya mbao ilikuwa imeliwa na mchwa.

Ndege hizo zilikuwa za aina ya Airco D.H.9. Zilibuniwa na Geoffrey de Havilland wa Uingereza, zikapaa kwa mara ya kwanza mwaka 1917, na zaidi ya 4,000 ziliundwa. Vita vilipokwisha mwaka 1918, Uingereza ilibaki na maelfu ya ndege zisizo na kazi, ikazigawa katika nchi zilizokuwa chini ya himaya yake. India ilipewa ndege 100, na baadhi yake zikafika mikononi mwa watawala wa majimbo, akiwamo Maharaja wa Bikaner.

Mabaki ya ndege mbili yalipelekwa Uingereza. Ya kwanza, yenye namba D5649, ilitengenezwa ili itazamwe na watu katika jumba la makumbusho la Duxford, nayo ilianza kuonyeshwa huko mwaka 2007. Ya pili, yenye namba E8894, ilitengenezwa ili iruke. Kazi yake ilichukua miaka mingi zaidi. Ilipaa mwezi Mei 2019. Wakati huo haikuwapo duniani D.H.9 nyingine iliyokuwa ikiruka.

Ndege hizo mbili zilitoka katika zizi moja, na mtu azitazamapo kwa mbali haoni tofauti kubwa. Hata hivyo, mafundi walizijia kwa maswali mawili tofauti. Kwa ile ya makumbusho, swali lilikuwa: je, kipande hiki ni cha asili, nacho chaweza kuhifadhiwa? Kwa ile ya kuruka, swali lilikuwa: je, kipande hiki chaweza kukabidhiwa uhai wa mtu? Makala haya yanaeleza jinsi swali hilo la pili linavyojibiwa, sehemu moja baada ya nyingine, kwa kutumia fizikia na kemia zinazofundishwa katika shule za sekondari.

KWA NINI MABAWA YA JUU NA YA CHINI?

Ndege ya mabawa pacha ni ile yenye mabawa ya safu mbili, moja juu ya nyingine. Wabunifu wa kwanza waliipenda kwa sababu ya kanuni moja rahisi. Mwanafunzi akiishika rula ya mbao kwa bapa lake na kuibonyeza, hupinda upesi. Akiisimamisha kwa ukingo wake, haipindi kwa urahisi. Rula ni ile ile na mbao ni ile ile. Kilichobadilika ni kina chake kuelekea upande wa nguvu. Ugumu wa mhimili dhidi ya kupinda huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kina chake. Kina kikiongezwa mara mbili, ugumu huongezeka mara nane.

Bawa moja jembamba la mbao na kitambaa ni kama rula iliyolazwa. Lakini mabawa mawili yakiunganishwa kwa nguzo za wima, na nafasi iliyo kati yake ikafungwa kwa nyaya za mshazari, yote pamoja huwa mhimili mmoja wenye kina kikubwa, kama daraja la reli. Nguzo hubanwa na nyaya huvutwa. Kuna nyaya za namna mbili. Za kwanza hukazika ndege iwapo angani, zikizuia mabawa yasipinde kwenda juu. Za pili hukazika ndege iwapo ardhini, zikizuia mabawa yasiiname kwa uzito wake yenyewe.

Yafaa mwanafunzi ajue kiasi cha mzigo unaobebwa. D.H.9 iliyojazwa mafuta na mizigo ilikuwa na uzito wa kilo 1,719 hivi, na eneo la mabawa yake lilikuwa mita za mraba 40.3. Kwa hiyo:

1,719 ÷ 40.3 = karibu kilo 43 kwa kila mita ya mraba.

Huo ndio mzigo ndege irukapo sawasawa bila kupinda. Ikikata kona kwa kuinama nyuzi 60 bila kupoteza kimo, nguvu ya kuinua huelekea upande, na ni sehemu yake tu inayopambana na uzito. Mzigo juu ya mabawa huwa uzito uliogawanywa kwa kosaini ya pembe hiyo. Kosaini ya nyuzi 60 ni nusu. Basi mabawa hubeba mara mbili, yaani kilo 3,438. Kila ubao, kila tone la gundi, kila mshono na kila bolti hupokea fungu lake la mzigo huo papo hapo, bila kupewa taarifa. Hiyo ndiyo sababu fundi hawezi kuridhika kwa kuona kwamba kipande kinapendeza.

MBAO

Mbao iliyopendwa sana na waunda ndege ni sprusi, mti wa jamii ya misonobari, hasa aina imeayo pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Mita moja ya ujazo ya sprusi kavu ina uzito wa kilo 400 hivi, ilhali chuma cha pua cha ujazo huo huwa na kilo 7,850 hivi. Sprusi si mbao ngumu kupita zote. Sifa yake ni kuwa na nguvu nyingi ikilinganishwa na wepesi wake, tena hupatikana katika vipande virefu vilivyonyooka visivyo na vifundo.

Si kila ubao wa sprusi unaofaa. Nyuzi za ubao zapasa kwenda sambamba na urefu wake. Kanuni itumikayo ni kwamba mwelekeo wa nyuzi usipotoke zaidi ya sentimita 1 kwa kila sentimita 15 za urefu. Pete za mwaka zihesabiwe kwenye ncha ya ubao, zisipungue 6 katika inchi moja, kwa kuwa mti uliokua haraka mno huwa na mbao dhaifu. Unyevu nao hupimwa, kwa sababu mbao yenye maji mengi huvimba kisha husinyaa, na viungo vyake hulegea.

Katika ndege iliyokaa miongo mingi, hatari kubwa ya mbao ni ile iliyojificha. Wakazi wa Afrika ya Mashariki hawahitaji kuelezwa sana habari za mchwa: huacha ngozi ya ubao nje ikiwa nzima, na ndani wakala chote. Ukungu wa kuozesha hufanya vivyo hivyo mahali ambapo maji hukaa, hasa chini ya vipande vya chuma vilivyokazwa kwa bolti. Kwa hiyo fundi haanzi kwa kupiga msasa na kupaka rangi. Huanza kwa kufungua, kugonga na kusikiliza mlio, kuchoma kwa ncha kali, na kuchungulia ndani ya matundu ya bolti.

Mihimili ya D.H.9 iliyoliwa na mchwa haikufaa kurejeshwa angani. Hata hivyo, mbao za namna hiyo haziharakishwi kutupwa motoni. Upana wake, mahali pa matundu yake na umbo la viungo vyake ni mchoro ulioachwa na mafundi wa kwanza, na mara nyingi ni mchoro sahihi kuliko karatasi zilizosalia. Mbao iliyoliwa na mchwa haifai kuruka, lakini yafaa kupimwa.

GUNDI

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, ndege zilishikanishwa kwa gundi zilizotokana na wanyama: gundi ya ngozi na mifupa, na gundi ya kaseini. Kaseini ni protini ya maziwa. Ikichanganywa na chokaa hufanya gundi yenye nguvu, na kiungo kikavu kilichotengenezwa vizuri chaweza kuwa imara kuliko mbao yenyewe. Udhaifu wake ni unyevu. Unyevu ukiingia kwa muda mrefu, gundi hulainika, kisha bakteria na ukungu huila kama walavyo chakula chochote cha protini.

Hali ya hewa ya pwani ya Afrika ya Mashariki ilizijaribu ndege za mbao mapema sana. Mwaka 1915, Waingereza walipokuwa wakiitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya mto Rufiji, walileta ndege za majini za Sopwith katika kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia. Ndege hizo zilishindwa kufanya kazi yake katika joto na unyevu wa pwani, ikawa lazima kuleta za aina nyingine. Hewa yenye joto ni nyepesi, hivyo hupunguza nguvu ya injini na nguvu ya kuinua kwa pamoja.

Mafundi wa siku hizi hutumia gundi za resini zilizotengenezwa viwandani, ambazo zikishakauka haziyeyuki kwa maji. Hapa ndege ya makumbusho na ndege ya kuruka huachana njia. Mhifadhi wa makumbusho aweza kutumia kaseini ili kitu kibaki kama kilivyokuwa. Fundi wa ndege ya kuruka hubadili gundi bila majuto, kwa sababu mbunifu wa mwaka 1917 hakuichagua kaseini kwa ubora wa milele, bali kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo.

Jaribio la darasani

Vifaa: nusu lita ya maziwa yaliyoondolewa malai, siki, kitambaa safi cha kuchujia, magadi kidogo, na vipande sita vya mbao laini vya ukubwa mmoja.

1. Maziwa yapashwe moto bila kuchemka. Siki itiwe kijiko kimoja kimoja huku yakikorogwa, hata mabonge meupe yajitenge na maji. Mabonge hayo ndiyo kaseini.

2. Yachujwe kwa kitambaa, yaoshwe kwa maji safi, kisha yakamuliwe.

3. Magadi yayeyushwe katika maji machache, yachanganywe na kaseini kidogo kidogo hadi upatikane uji mzito ulio laini.

4. Vipande vya mbao vishikanishwe viwili viwili, viwekwe chini ya jiwe zito kwa siku moja, kisha viachwe vikauke kabisa.

5. Jozi ya kwanza iwekwe mahali pakavu. Ya pili ilowekwe majini usiku kucha. Ya tatu ifungwe katika kitambaa chenye unyevu kwa muda wa wiki moja.

6. Wanafunzi wajaribu kuzitenganisha jozi hizo kwa mikono, wakiandika tofauti ya nguvu, harufu na sura ya gundi. Kabla ya kuzigusa, kila mwanafunzi aandike ni ipi adhaniayo kwa macho kuwa imara. Mara nyingi jicho litakuwa limekosea.

KITAMBAA

Mabawa ya ndege za wakati huo yalivikwa kitambaa cha kitani. Kitani peke yake hupitisha hewa na hulegea. Kwa hiyo kilipakwa kimiminiko kiitwacho dopu, kilichotengenezwa kwa selulosi iliyoyeyushwa katika dawa zenye kuvukiza upesi. Dopu ikaukapo husinyaa, ikakivuta kitambaa kikawa kigumu kama ngozi ya ngoma, tena ikaziba matundu yake. Dopu ya nitrati ya selulosi huwaka moto kwa ukali sana. Baadaye zilitumika aina nyingine zisizoshika moto upesi hivyo.

Adui wa kitambaa ni jua. Mionzi ya urujuanimno hukata minyororo mirefu ya molekuli za nyuzi, na kitambaa huoza bila kubadilika sana sura. Ndiyo sababu dopu huchanganywa na unga wa alumini, ambao huirudisha mionzi hiyo kabla haijafika kwenye nyuzi.

Kitambaa hakibandikwi kwa gundi tu. Hewa ipitayo juu ya bawa huwa na kanieneo dogo kuliko hewa iliyo ndani ya bawa, na tofauti hiyo hutaka kukinyanyua kitambaa kutoka kwenye mbavu zake. Kwa hiyo hushonwa kwa uzi uliopakwa nta, ukipita juu na chini ya kila ubavu, na kila mshono hufungwa kwa fundo lake. Fundo moja likikatika, jirani zake hushika. Kazi hiyo yachosha kwa urefu wake, kwani bawa moja laweza kuhitaji mamia ya mafundo, na la mwisho lazima liwe sawa na la kwanza.

Kwa kitambaa kilichokwisha tumika, kuna kipimo. Chini ya kanuni za Marekani, kitambaa cha pamba cha daraja A kikiwa kipya hustahimili mvuto wa ratili 80 kwa kila inchi ya upana, yaani kilo 36 hivi. Kikishuka chini ya ratili 56, ambayo ni asilimia 70 ya nguvu ya awali, huondolewa chote. Hakuna nafasi ya kusema kwamba bado chang'aa.

CHUMA

Chuma huonekana kuwa kitu cha kutegemewa kuliko mbao, lakini nacho huficha maradhi yake. Mwanafunzi akiukunja waya na kuukunjua mara nyingi, hukatika ingawa hakuuvuta kwa nguvu kubwa. Huo huitwa uchovu wa chuma. Kila mkunjo huendeleza ufa mdogo, na kila tetemeko la ndege irukapo ni mkunjo mdogo sana. Ufa hupenda kuanzia mahali penye kona kali, kama vile kwenye meno ya skrubu au ukingo wa tundu, kwa sababu mkazo hujikusanya hapo.

Tarehe 16 Desemba 2013, ndege ya mabawa pacha ya aina ya Tiger Moth iliyokuwa na watu wawili ilivunjika ikiwa angani karibu na kisiwa cha South Stradbroke, jimbo la Queensland, Australia. Wote wawili walikufa. Uchunguzi wa serikali ya nchi hiyo uligundua kwamba fito mbili za chuma, zipitazo katika kiwiliwili na kuyashikanisha mabawa ya chini, zilikuwa zimekatika. Katika meno ya skrubu za fito hizo mlikuwa na nyufa za uchovu zilizokuwapo tangu kabla ya siku ile. Fito hizo hazikuwa za asili. Zilikuwa vipuri vilivyotengenezwa baadaye. Funzo lake ni zito: kuweka kipande kipya mahali pa cha zamani si dawa yenyewe. Kipya nacho lazima kijulikane kimetengenezwa kwa chuma gani na kwa namna gani, nacho kikaguliwe kama kile cha zamani.

Nyufa hutafutwa kwa njia mbalimbali. Kipande cha chuma cha pua hutiwa usumaku, kisha hunyunyiziwa unga laini wa chuma. Palipo na ufa, mistari ya usumaku hukatizwa, na unga hujikusanya hapo ukachora mstari uonekanao. Kwa alumini, ambayo haishiki usumaku, hutumika rangi nyepesi ipenyayo katika ufa. Uso hupanguswa, kisha hupakwa unga mweupe ambao huinyonya rangi iliyobaki ndani, na ufa hujionyesha wenyewe.

Mfano wa subira upo. Mwaka 2003 ndege ya kale ya Swordfish yenye namba W5856, iliyokuwa ikirushwa nchini Uingereza kwa ukumbusho wa wanamaji, ilisimamishwa baada ya kutu kugunduliwa katika mihimili ya mabawa yake. Ilitengenezewa mabawa mapya, nayo haikuruka tena hadi mwaka 2015. Miaka hiyo 12 haikupotea bure. Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ndege, ukuta wenyewe haungojei kujengwa.

INJINI

D.H.9 iliendeshwa na injini iitwayo Siddeley Puma. Ina silinda 6 zilizopangwa katika mstari mmoja na hupozwa kwa maji. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 145, na mwendo wa pistoni ni milimita 190. Ilitazamiwa kutoa nguvu za farasi 300, lakini matatizo ya kiufundi, hasa katika kumimina alumini ya silinda zake, yalilazimisha ishushwe hadi 230. Kwa hiyo ndege ilipoingia vitani mwaka 1918 haikuweza kupanda juu vya kutosha, na wanahewa wengi walilipa gharama ya upungufu huo kwa maisha yao.

Kuifufua injini ya namna hiyo si sawa na kuifufua ya gari, ingawa kanuni ni zile zile. Hufunguliwa hadi skrubu ya mwisho. Fitokombo, ambayo mafundi wa magari huiita krenki, hupimwa kwa maikromita na kutafutwa nyufa. Beringi za chuma laini cheupe humiminwa upya na kuchongwa zilingane na shafti. Magneto, chombo kitoacho umeme wa cheche za plagi, huvikwa nyaya mpya, kwa kuwa vihami vya zamani hupasuka kwa umri. Kipuri kisichopatikana dukani huchongwa kimoja kimoja kwa kufuata kile cha zamani.

Baada ya hapo injini hufungwa kwenye fremu imara ardhini na kuendeshwa kwa saa nyingi, huku joto la maji na kanieneo la oili vikiandikwa. Injini yenye kasoro ni afadhali iungame kosa lake ikiwa juu ya fremu kuliko juu ya mti.

KUPANGA MABAWA NA KUPAA

Sehemu zote zikiwa tayari, ndege huunganishwa na mabawa hupangwa. Pembe ya bawa kuelekea upepo, mwinuko wa ncha zake na mkazo wa kila waya hupimwa kwa timazi, pima maji na kipimapembe. Waya mmoja ukikazwa kupita kiasi huvuta nguzo, nguzo hupinda bawa, nalo bawa huielekeza ndege upande mmoja daima. Kwa hiyo kila marekebisho hulazimisha vipimo vyote kurudiwa.

Kazi ya karatasi huenda sambamba na kazi ya mikono. Kila ubao, kila mkebe wa gundi na kila bolti huandikwa ilikotoka, nani aliifunga na nani aliikagua. Fundi hakagui kazi yake mwenyewe peke yake. Nchini Uingereza, ndege za kale kama E8894 huruka kwa kibali maalumu cha mamlaka ya usafiri wa anga, nacho hutolewa kwa kuusoma ushahidi huo ulioandikwa.

Siku ya kupaa hutanguliwa na siku za kutambaa: kwanza kutembea uwanjani polepole, kisha kwa kasi, kisha kufungua tena na kukagua nyaya zilizolegea.

JE, BADO NI NDEGE ILE ILE?

Mwanafunzi aweza kuuliza: ikiwa mbao ni mpya, gundi ni mpya na kitambaa ni kipya, ndege iliyopaa mwaka 2019 ni ile iliyotoka Bikaner? Swali hilo ni la haki, na ndiyo sababu ile ndege ya pili iliyohifadhiwa ina thamani yake. Inahifadhi vitu vya kale vyenyewe. Ile irukayo inahifadhi kitu kingine kisichoweza kuwekwa kabatini: namna ya kufunga fundo la mbavu, namna ya kumimina beringi, harufu ya injini, na tabia ya ndege angani. Ujuzi usipotumika hufa, hata kama vitabu vyake vipo.

Ujuzi huo si wa Ulaya peke yake. Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929, ilianza kazi kwa ndege moja ya mabawa pacha ya aina ya Gipsy Moth, ya mbao na kitambaa. Usafiri wa anga wa Afrika ya Mashariki ulianza kwa vitu ambavyo fundi seremala na fundi cherehani wangevitambua.

Jambo la kukumbukwa ni moja. Ndege ya kale hairudi angani kwa kupendwa, wala kwa kung'arishwa. Hurudi pale ambapo kila kipande chake kimeulizwa swali na kikajibu kwa kipimo.

MASWALI

1. Kwa kutumia kipenyo na mwendo wa pistoni uliotajwa, onyesha kwamba ujazo wa silinda zote 6 za injini ya Puma ni karibu lita 18.8.

2. Ndege yenye uzito wa kilo 800 inakata kona kwa kuinama nyuzi 45 bila kupoteza kimo. Mabawa yake hubeba mzigo wa kilo ngapi?

3. Eleza kwa nini fundi hugonga ubao na kusikiliza mlio wake. Ni kazi gani nyingine katika kijiji au mji wako hutumia njia hiyo?

4. Katika jaribio la gundi, ni jozi ipi iliyolidanganya jicho? Toa sababu za kikemia.

5. Jadilini darasani: ikiwa imebaki ndege moja tu ya aina fulani duniani, je, irushwe au ihifadhiwe chini? Kila upande utoe sababu za kisayansi na za kibinadamu.